Besi Wakubwa wa Maziwa Madogo

Besi wa mdomo mkubwa ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, mwenye asili ya Amerika Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada na Maziwa Makuu hadi Ghuba ya Meksiko. Kwa miaka mingi wataalamu walimwita Micropterus salmoides. Hula samaki wenzake, vyura na kamba. Huwinda kwa kuvizia kando ya majani ya majini, magogo yaliyozama na vivuli vya gati. Hupenda maji ya vuguvugu yasiyokwenda kasi. Kwa tabia hizo, ziwa dogo humfaa kuliko kubwa. Ziwa la eka 30 lina ukingo mrefu ukilinganisha na wingi wa maji yake, na ukingoni ndiko anakopata chakula, maficho na mahali pa kutagia. Hata hivyo, Wamarekani wengi wanaomvua kwa burudani huendesha magari saa nyingi kwenda kwenye mabwawa makubwa ya umeme, na njiani hupita maziwa madogo kadhaa wasiyoyajua hata kwa jina.

Mazoea hayo yana chanzo chake. Mwaka 1967 Ray Scott, wakala wa bima kutoka Alabama, aliandaa mashindano ya kuvua besi katika bwawa la Beaver Lake, Arkansas, na muda mfupi baadaye akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S. Mashindano yanataka nafasi. Boti nyingi haziwezi kushindana katika ziwa ambalo mtu huvuka kwa kasia katika dakika 10. Kadiri mashindano yalivyokua, ndivyo boti zilivyozidi urefu na injini zilivyozidi nguvu, na magazeti ya uvuvi yakawa yanaandika kuhusu mabwawa yale yale. Ziwa lisilo na mahali pa kushushia boti likatoweka katika mazungumzo ya wavuvi, ingawa samaki wake walibaki.

Ushahidi wa thamani ya maji madogo ni wa zamani kuliko mashindano hayo. Tarehe 2 Juni 1932, George Perry, kijana mkulima wa Georgia, alivua besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani zaidi ya kilo 10, akiwa na mwenzake katika mashua moja. Samaki huyo aliliwa na familia yake baada ya kupimwa, lakini uzito wake ukawa rekodi ya dunia. Ilichukua miaka 77 mtu mwingine kuifikia, alipofanya hivyo Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Maji aliyovulia Perry yaliitwa Montgomery Lake. Yalikuwa kipande cha mkondo wa zamani wa mto Ocmulgee uliohama na kuacha kona yake nyuma. Leo sehemu kubwa yake imejaa tope na kuwa kinamasi.

Idadi ya maji ya aina hii ni kubwa mno. Jimbo la Minnesota pekee lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa eka 10 au zaidi. Wisconsin imeorodhesha zaidi ya maziwa 15,000, na yenye majina ni kama 6,000 tu. Zaidi ya nusu hayatajwi na mtu kwa sababu hayana jina la kutajwa. Juu ya hayo kuna mabwawa ya kuchimbwa. Baada ya ukame na vumbi la miaka ya 1930, serikali ya Marekani iliunda mwaka 1935 idara ya kuhifadhi udongo. Idara hiyo iliwasaidia wakulima kuchimba mabwawa ya kunyweshea mifugo na kuzuia mmomonyoko. Mabwawa madogo ya kutengenezwa na binadamu nchini humo sasa hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2, na mengi yalipandikizwa besi. Kwa hiyo tatizo la mvuvi si uhaba wa maziwa. Kazi yake ni kuchambua, na kazi hiyo hufanyika nyumbani, juu ya meza, kabla ya ndoano kulowa.

Hatua ya kwanza ni kujua ziwa lilizaliwaje, kwa sababu asili yake hueleza umbo na kina chake. Maziwa mengi madogo ya kaskazini yalitokana na mapande ya barafu yaliyofukiwa katika changarawe barafuto kuu zilipokuwa zikirudi nyuma, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Pande lilipoyeyuka liliacha shimo, nalo likajaa maji. Maziwa ya namna hiyo huwa ya mviringo, kingo zake huteremka ghafla, na huweza kuwa na kina kisichotarajiwa kwa eneo lake. Walden Pond ya Massachusetts ni mfano mzuri. Henry David Thoreau aliipima mwaka 1846 kwa kutoboa barafu na kushusha jiwe lililofungwa kwenye kamba, akapata futi 102, yaani mita 31, katika ziwa la kama eka 60 tu. Kusini, maziwa mengi ni kona za mito iliyohama, kama lile la Perry. Hayo ni membamba, yamepinda kama mundu, na yana miti iliyosimama majini. Huko Kansas, kusini-mashariki, uchimbaji wa makaa ya mawe uliacha mahandaki marefu yaliyojaa maji, na zaidi ya 200 kati yake sasa yamo katika hifadhi ya jimbo iliyo wazi kwa wavuvi. Handaki la makaa ni la maji maangavu na kuta za wima, na besi wake hukaa kwenye ncha za handaki na penye udongo ulioporomoka, kwa kuwa kwingineko hakuna pa kujificha.

Ramani ya kutegemea ni ile ya Shirika la Jiolojia la Marekani yenye kipimo cha 1:24,000, ambamo sentimita moja ni mita 240 ardhini. Katika kipimo hicho hata bwawa la eka mbili huonekana kama doa la buluu. Ramani hiyo huonyesha pia njia za miguu, mteremko wa ardhi na vinamasi, na nyingi huonyesha mipaka ya misitu ya serikali. Hupatikana bure kwenye intaneti. Picha za setelaiti huongeza kile ambacho ramani haina: rangi ya maji, mapana ya majani, gati za watu binafsi, na alama za magurudumu zinazoishia ukingoni. Ziwa lenye gati 40 lina wavuvi 40 wa kila siku, hata kama hakuna anayelitaja. Ziwa lisilo na gati hata moja, lililo mita 800 kutoka barabara ya vumbi ndani ya msitu wa umma, ndilo la kuwekea alama. Umbali huo mfupi wa kutembea hupunguza wavuvi kuliko sheria yoyote, kwa sababu wengi wao hawataki kwenda mahali wasipoweza kufika na boti yao.

Majina nayo huhitaji uangalifu. Minnesota ina zaidi ya maziwa 200 yanayoitwa Mud Lake, yaani Ziwa Tope, na jina Bass Lake nalo ni miongoni mwa yanayorudiwa sana. Mengi yalipewa majina hayo na wapimaji ardhi au walowezi walioyaona mara moja. Kulikataa ziwa kwa jina lake ni kosa, na kulichagua kwa jina lake ni kosa hilo hilo.

Baada ya ramani huja ripoti za wataalamu wa samaki. Hapa ndipo penye hazina inayopuuzwa kuliko zote. Idara za maliasili za majimbo hupima samaki katika maelfu ya maziwa na kuweka matokeo mbele ya umma. Minnesota ina tovuti ambamo mtu huandika jina la ziwa akapata kina chake, mimea yake, samaki waliopandikizwa na vipimo vya utafiti wa mwisho. Besi hupimwa zaidi usiku wa majira ya kuchipua, wakati wamesogea ukingoni. Boti hutembea polepole ikiwa na jenereta, na nguzo mbili mbele yake hushusha umeme majini. Samaki hulegea na kuelea kwenye mwanga wa taa, wakachotwa kwa nyavu za mkono na kutiwa kwenye pipa la maji. Kila mmoja hulazwa kwenye ubao wa kupimia, hutolewa magamba machache ili umri wake usomwe kwenye miviringo, kisha hurudishwa akiwa hai.

Jedwali linalotokana na usiku huo husomwa hivi. Wataalamu huhesabu besi wote waliofikia sentimita 20, kisha huuliza ni wangapi kati yao wamefikia sentimita 30. Wakiwa kati ya 40 na 70 katika kila 100, ziwa huhesabiwa kuwa na uwiano mzuri. Wakiwa 10, besi wamejazana, chakula hakiwatoshi na hawakui. Ziwa kama hilo humpa mvuvi samaki kila baada ya dakika chache, wote wembamba wenye vichwa vikubwa. Wakiwa 90, besi ni wachache na wazee, na vifaranga hawaishi. Jedwali la blugili, samaki mpana mdogo ambaye ni chakula kikuu cha besi katika maziwa mengi, husomwa pamoja nalo. Homer Swingle wa Auburn, Alabama, aliyechunguza mamia ya mabwawa tangu miaka ya 1930, alionyesha kwamba samaki hawa wawili hupanda na kushuka kama mizani. Besi wakipungua, blugili huzaana hadi wakadumaa. Besi wakizidi, blugili wachache wanaobaki hunenepa. Kwa hiyo blugili wakubwa sana katika ripoti si habari njema kwa anayetaka besi wakubwa, ingawa wanaotafuta kitoweo watafurahi.

Tarehe ya ripoti haipunguzi thamani yake kama wengi wanavyodhani. Besi wa kaskazini huhitaji miaka minne au zaidi kufikia sentimita 30. Wa kusini huhitaji kama miwili. Ripoti ya miaka mitano nyuma iliyoonyesha besi wengi wa sentimita 25 inaeleza samaki wakubwa wa leo, mradi hakuna kilichowaua katikati. Na katika maziwa madogo ya kaskazini muuaji huyo anajulikana. Majira ya baridi, barafu ikifunikwa na theluji nzito, mwanga haupenyi, mimea ya majini huacha kutengeneza oksijeni, na inayooza huimaliza iliyobaki. Ziwa lenye kina cha mita tatu au nne pande zote linaweza kupoteza karibu samaki wote katika baridi kali moja. Ndiyo maana kina huangaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ziwa la eka 15 lenye shimo la mita 9 ni bora kuliko la eka 100 lenye mita mbili.

Uangavu wa maji nao ni habari. Mwaka 1985, katika maziwa mawili madogo sana kwenye mpaka wa Wisconsin na Michigan, Stephen Carpenter, James Kitchell na wenzao walifanya jaribio lililobadili elimu ya maziwa. Walitoa samaki wadogo kwa wingi kutoka Tuesday Lake na kuweka besi mahali pao, na katika Peter Lake wakafanya kinyume. Katika Tuesday Lake wadudu wadogo wa majini, waliokuwa wakiliwa na samaki wadogo, waliongezeka. Wadudu hao wakala mwani, na maji yakatakata. Mvuvi anayekuta maji maangavu na vikundi vichache vya samaki wadogo katika ziwa lenye rutuba ana sababu ya kutumaini. Si uthibitisho, kwa kuwa ziwa maskini la mchanga pia huwa angavu, lakini katika ziwa maskini majani nayo huwa haba.

Haki ya kufika majini ni suala lililo gumu kuliko samaki wenyewe, kwa sababu kila jimbo lina sheria zake. Massachusetts na Maine bado zinafuata kanuni ya enzi za ukoloni, iliyotungwa katika miaka ya 1640, kwamba maziwa ya asili yanayozidi eka 10 ni ya umma. Katika majimbo mengine, ziwa lililozungukwa kabisa na ardhi ya mtu binafsi halina mlango kwa mgeni, na kuruka uzio ni kosa la jinai. Njia halali ni tatu: ardhi ya umma inayogusa ziwa, mahali pa umma pa kushushia boti palipowekwa na jimbo, au idhini ya mwenye ardhi. Hiyo ya tatu hutumiwa kidogo mno. Mwenye shamba anayeombwa kwa adabu, mchana, na mtu anayejitambulisha na kueleza kwamba atafunga lango na hatakuja na kundi, hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia. Bwawa la shamba lililovuliwa na familia moja tangu lilipochimbwa huweza kuwa na besi wasiopatikana penginepo wilaya nzima. Leseni ya uvuvi huangaliwa mapema, maana baadhi ya majimbo huidai hata kwenye bwawa la mtu binafsi.

Siku ya kwanza ziwani ni ya kutazama zaidi ya kuvua. Chombo kinachofaa ni kile kinachobebwa begani, yaani mtumbwi mwepesi, kayaki au boya la kukalia. Ukingo wote huzungukwa taratibu, na kinachotafutwa ni mahali panapokutana vitu viwili: mwisho wa yungiyungi na mteremko wa kina, gogo na mchanga, mdomo wa kijito na matete. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, viota huonekana kwa macho kwenye maji ya chini ya mita mbili. Ni miviringo myeupe iliyofagiliwa kwenye changarawe au mchanga, kila mmoja ukiwa na dume mmoja juu yake, anayepeperusha mapezi na kurudi pale pale kila anapotishwa. Kuviona ni uthibitisho kwamba besi wanazaa humo. Kumvua dume huyo ni jambo la kuachwa. Akiondolewa hata kwa dakika chache, blugili huvamia mayai. Baadhi ya majimbo ya kaskazini huzuia kuchukua besi katika kipindi hicho, na ingefaa mvuvi wa ziwa dogo ajizuie hata pasipo na sheria.

Udhaifu wa ziwa dogo ulionekana wazi kabisa katika Ridge Lake, bwawa la chini ya eka 20 katika jimbo la Illinois, lililojengwa mwaka 1941 kwa ajili ya utafiti. Kwa miaka kadhaa kila besi aliyevuliwa humo alipimwa, akatiwa alama na kurudishwa. Bwawa lilipokaushwa walipatikana besi zaidi ya 1,700. Kama 200 kati yao hawakuwahi kushika ndoano hata mara moja, huku wengine wakiwa wamevuliwa tena na tena. David Philipp na wenzake waliwazalisha wa makundi hayo mawili kwa vizazi vitatu, wakathibitisha kwamba wepesi wa kushika chambo hurithiwa kwa kiasi fulani. Maana yake kwa ziwa dogo ni nzito. Samaki wanaokubali chambo ndio wanaoondolewa kwanza, na kwa kuwa idadi ni ndogo, wavuvi watatu au wanne wenye bidii wanaweza kuwamaliza katika msimu mmoja. Wanaobaki huzaa watoto wagumu kama wao.

Kwa sababu hiyo, kurudisha kila samaki na kuchukua kila samaki yote mawili ni mazoea mabaya. Pale besi wadogo walipojazana, kula wa sentimita 25 hadi 30 hulisaidia ziwa, na wataalamu wengi huwahimiza wavuvi kufanya hivyo. Anayepaswa kurudi majini ni yule mkubwa, aliyechukua miaka 10 kukua na ambaye hana mbadala wa karibu. Sylvania, eneo la maziwa 34 yenye majina katika msitu wa taifa wa Ottawa, kaskazini mwa Michigan, lilianza kama klabu ya matajiri mwishoni mwa karne ya 19 na likalindwa kama nyika mwaka 1987. Huko kila besi hurudishwa na chambo hai hakiruhusiwi. Wavuvi bado hutembea na mitumbwi mabegani kwenda kuwatafuta besi wake.

Kuna tendo moja lisilo na udhuru: kumbeba besi hai kutoka ziwa hadi ziwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wake karibu. Besi waliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya burudani ya walowezi, na wakaletwa tena mwaka 1951. Samaki pekee wa asili wa ziwa hilo, mdogo kama kidole, alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Mwaka 1970 wakaingizwa kamba wekundu wa Louisiana, ambao baadaye waligeuka chakula kikuu cha besi, na mwaka 2001 wakaonekana kapu, samaki wa Ulaya na Asia, ambao baadaye walijaza nyavu za wavuvi. Karibu kila samaki anayeuzwa ufukoni mwa Naivasha leo ni mgeni aliyepelekwa na binadamu, na hakuna anayeweza kumrudisha yule wa asili.

Viumbe wengine husafiri bila kukusudiwa. Kome milia, waliogunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988, walisambaa kwa boti na ndoo za maji hadi maziwa yasiyounganishwa na mto wowote, na magugu ya majini huhama yakiwa yamenasa kwenye trela. Ziwa dogo lisilojulikana huwa limesalimika kwa sababu tu hakuna chombo kigeni kilichowahi kuingia. Minnesota humlazimisha mwenye boti kuondoa vizibo na kumwaga maji yote kabla ya kuingia barabarani. Anayevua kwa mtumbwi hukwangua majani, humwaga maji, huosha buti na wavu wake, kisha huacha kila kitu kikauke kwa siku tano kabla ya kukipeleka kwenye ziwa lingine.